Mvita, Kongowea, Mombasa: Kisiwa na Majina Yake

Kisiwa cha Mombasa kimeitwa kwa majina kadhaa: Mombasa, Mvita, Kongowea na, katika ushairi, Gongwa. Kila jina lina habari yake, ila moja kati ya hayo, Mvita, limebebeshwa maana nyepesi inayorudiwa hadi ikaonekana ni historia.

Mombasa ndilo lililotangulia kuandikwa. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 huko Sicily, anaitaja Manbasa katika nchi ya Wazanji, ambako wenyeji walichimba chuma na kuwinda chui. Msafiri Ibn Battuta alilala kisiwani usiku mmoja mwaka 1331, naye akalitumia jina hilohilo. Wanaolitafutia asili Uarabuni hutegemea maandishi kama hayo. Lakini maandishi ya msafiri huonesha jinsi alivyolisikia jina, hayaoneshi lilikozaliwa.

Kongowea, kwa masimulizi ya wenyeji, ni mji wa Mwana Mkisi, malkia anayehesabiwa kuwa mtawala wa kwanza. Gongwa ni jina la mji huohuo katika ndimi za washairi. Muyaka bin Haji, mshairi wa karne ya 19, alilitumia na kulifungamanisha na Mwana Mkisi. Mtu asiyejua hayo huidhani Kongowea kuwa soko tu, kwa kuwa leo jina hilo limebaki ng’ambo, upande wa bara ya kaskazini.

Mvita ndilo lenye mzozo. Wageni huambiwa kuwa maana yake ni “kisiwa cha vita”, kisha huhesabiwa mapigano: Wareno kuuteketeza mji mwaka 1505, kuurudia mwaka 1528, kuuvamia tena mwaka 1589 wapiganaji wa Kizimba walipokuwa wakingoja bara, na Waomani kuizingira Ngome ya Yesu ya Wareno kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Vita hivyo ni kweli. Kwamba ndivyo vilivyozaa jina, hapo ndipo pasipokubalika.

Kwanza, masimulizi ya wenyeji yanalihusisha jina na Shehe Mvita, aliyeshika mji baada ya Mwana Mkisi na kujenga msikiti wa kwanza wa mawe. Ukoo wa Washirazi, uliotawala baada yake, ulikwisha kabla ya Ngome kujengwa mwaka 1593. Shehe Mvita basi ni wa zama zilizotangulia Wareno. Ibn Battuta aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Habari hizi mbili zikiaminiwa pamoja, msikiti wa Shehe Mvita ulijengwa baada ya 1331.

Pili, Thenashara Taifa za Mombasa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji, zimegawika Miji Mitatu na Miji Tisa, na Wamvita ni taifa moja tu kati ya hizo tisa, sawa na Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa. Hao wenzao wameitwa kwa mahali walikotoka. Wamvita nao ni watu wa mahali paitwapo Mvita, na lahaja yao ikaitwa Kimvita.

Tatu, Kiswahili kingetaka kusema mahali pa vita kingesema “vitani” au “mji wa vita”. Kuibandika m- mbele ya vita si desturi yake ya kutaja mahali. Dhana nyingine, inayolitoa jina kwenye kitenzi fita, yaani kuficha katika lahaja za kaskazini, nayo inalazimisha f igeuke v bila sababu.

Ni haki kusema kuwa mwanzilishi naye huweza kuzuliwa kutokana na jina la mji wake, na Shehe Mvita hana tarehe iliyoandikwa. Hata hivyo, shaka hiyo haiwapi ushindi watetezi wa vita. Ikiwa mtu alipewa jina la mji, basi jina la mji lilikuwa kongwe zaidi.

Maelezo ya vita yana dosari nyingine: yanaianzisha historia ya Mombasa siku merikebu za Wareno zilipotokea. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alipochimba katika eneo la hospitali kuu ya mkoa, kaskazini ya Mji wa Kale, alikuta mabaki ya mji uliokaliwa tangu kiasi cha mwaka 1000. Mji huo ulikuwa na karne tano za maisha kabla ya Almeida, kiongozi wa Wareno wa mwaka 1505, kuuchoma. Ngome ya Yesu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011 na hupokea wageni kila siku. Mji ulioitangulia haupati umaarufu huo.

Ya baadaye ni mafupi. Ukoo wa Mazrui, uliokuwa ukiutawala mji, uliondolewa mwaka 1837, Waingereza wakaja mwaka 1895, reli ikaanza kujengwa mwaka uliofuata, na makao ya serikali yakahamia Nairobi. Mvita sasa ni jimbo la uchaguzi la kisiwa kizima. Wapiga kura wake wanaitwa kwa jina la mji, wala si kwa jina la vita.