Mkuki wa Otenyo, 1908

Januari 1908, Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimchoma mkuki mgongoni Geoffry Northcote, mtawala Mwingereza wa Kisii, katika Kenya ya leo. Aliyewahimiza vijana kupigana ni Moraa Ng'iti, mwaguzi mwanamke aliyeona kutawaliwa na wageni ni fedheha isiyovumilika.

Northcote alipona. Abagusii, watu wa Kisii, wakalipa: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wengi wakapigwa risasi, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, akahoji mauaji hayo kutoka London. Otenyo aliuawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Gharama ilikuwa kubwa mno. Lakini Otenyo na Moraa walivunja amani ipi? Wanajeshi wa Waingereza walikwisha kuua watu Gusii mwaka 1905. Otenyo na Moraa walikuwa na haki. Mabaki ya Otenyo yakipatikana, yarudishwe Gusii.