Habari za Hukumu na Adhabu katika Mpaka wa Busia na Tororo

Hadi mwezi wa Machi mwaka 1902, mtu aliyeibiwa ng'ombe katika nchi ya Wasamia, awe anakaa mashariki au magharibi ya Mto Sio, alikuwa chini ya dola moja, kwani Himaya ya Uganda wakati huo ilienea hata jirani na Naivasha, na boma la Mumias, ambako Mwingereza C. W. Hobley alianza kutawala mwaka 1895, lilikuwa boma la Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka ule mkoa huo wa mashariki ukatolewa Uganda ukatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo Kenya, na mpaka ukafuata mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha kuelekea Mlima Elgon, wala wenyeji hawakuulizwa shauri. Watu wa Masinya wakabaki Uganda na jamaa zao wa Funyula wakawa chini ya dola nyingine. Kadhalika Wateso wa Tororo na Wateso wa Amukura.

Kabla ya hayo hukumu ilikuwa kazi ya wazee wa koo. Aliyeua hakuhesabiwa kuwa amemkosea mfalme wala dola, bali ukoo wa marehemu, na shauri lake likaishia katika dia ya mifugo, au katika kisasi endapo dia imekataliwa; mwizi alirudisha alichochukua na nyongeza juu yake; na mwenye kukana aliapishwa kiapo ambacho watu wote waliamini kwamba mwongo hakipiti salama. Sisemi kwamba mambo yale yalikuwa insafu tupu, maana mnyonge asiye na ukoo mkubwa nyuma yake alipata taabu kudai haki yake, na aliyetuhumiwa uchawi aliweza kupoteza nyumba na hata roho kwa maneno ya watu. Lakini lilikuwamo jambo moja ambalo serikali zilizofuata zimelipoteza, nalo ni kwamba aliyedhulumiwa hakuondoka barazani mikono mitupu.

Waingereza, kwa kuwa hawakuwa na watu wa kutosha wala fedha za kuwaleta, walitawala kwa mikono ya wengine. Upande wa Uganda alitangulia Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliyeingia Bukedi mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na askari wake, akaacha nyuma yake mpango wa saza, gombolola na muluka, na mawakili wa Kiganda wakakaa barazani kuwahukumu kwa Kiganda watu ambao lugha zao ni Kisamia, Kidhopadhola na Kiteso. Upande wa Kenya kazi kama hiyo walipewa watu wa Nabongo Mumia wa Wanga, aliyetangazwa chifu mkuu mwaka 1909, ambaye jamaa na wajumbe wake walipelekwa kutawala majirani zao. Basi huku na huko mshtakiwa alisimama mbele ya mgeni aliyepewa mamlaka na mgeni mwingine.

Juu ya mabaraza hayo ilikaa sheria iliyotoka mbali zaidi. Himaya zote mbili zilianza kwa kanuni ya adhabu ya Bara Hindi, hadi mwaka 1930 zilipopewa kanuni mpya zenye asili moja, yaani sheria ya Queensland katika Australia, hata vifungu vya Nairobi na vya Entebbe vikafanana karibu neno kwa neno. Mahakama ya wenyeji iliamua wizi mdogo, ugomvi na kodi, ikatoza faini au ikafunga kwa muda mfupi. Yaliyozidi hapo yalikwenda kwa mkuu wa wilaya (D.C.), ambaye alikuwa mtawala na hakimu kwa pamoja. Mauaji yalikwenda kwa majaji wa mahakama ya juu, na rufani, kabla ya kufika London, ikasikilizwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902 na kudumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1933 tume ya Bushe ilichunguza hukumu za jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ikapendekeza majaji waliosomea sheria wapewe sehemu kubwa zaidi ya kazi iliyokuwa mikononi mwa ma-D.C.; na shauri hilo lilikuwa jema. Ila katika daraja zote hizo, toka chini hata juu, faini iliingia hazina, na mwenye ng'ombe akarudi kwake hali ametoa ushahidi tu.

Kwa miaka mingi chifu mmoja huyo huyo alikadiria kodi, akamkamata asiyelipa, na akahusika na hukumu yake. Ghadhabu iliyolimbikana kwa ajili hiyo ilipasuka Bukedi mwezi wa Januari 1960, makundi ya watu yakashambulia mali na nyumba za machifu, polisi wakapiga risasi, watu wakafa, na tume iliyoundwa baadaye ikasikia malalamiko ya kodi zisizo za haki na machifu wadhalimu.

Uhuru ulileta matumaini mafupi ya kugawana madaraka. Katiba ya Kenya ya mwaka 1963 iliweka majimbo saba, ambayo yalifutwa baada ya mwaka mmoja. Uganda nayo ilifuta mpango wake wa shirikisho mwaka 1967. Tangu hapo jinai ni shauri la makao makuu, na hata kaunti ya Busia ya Kenya iliyoanza mwaka 2013 haina polisi wake wala mahakama ya jinai.

Ni katika magendo ndipo ilipoonekana wazi jinsi dola mbili ziwezavyo kulipima tendo moja. Mwaka 1975 Idi Amin alitoa amri ya kuunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kumhukumu mlanguzi na mfanya magendo apigwe risasi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na mkulima wa Uganda, ambaye bodi ya serikali ilimlipa fedha isiyotosha hata sabuni, akaona kwamba riziki yake iko ng'ambo. Chepkube, chini ya Mlima Elgon, likastawi soko la kahawa upande wa Kenya, na watu wakajenga nyumba kwa faida yake. Na Busia nako vijana wa baiskeli, waliochukua watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakazaa kazi ya boda boda iliyoenea Afrika Mashariki yote. Gunia lililomhalalishia mtu kifo ukingo wa magharibi lilikuwa biashara ukingo wa mashariki. Mimi siwezi kuiita haki adhabu ya namna hiyo, kwa kuwa iliyomtuma mkulima usiku ni serikali ile ile iliyomlipa bei ya dhuluma mchana.

Sheria za nchi mbili hizi zinaruhusu hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu wa upande mmoja ithibitishwe na hakimu wa upande wa pili, mkimbizi wa jinai arudishwe. Lakini adhabu hazikwenda sambamba. Kanuni za mwaka 1930 ziliamuru kifo kwa kila muuaji, jaji akiwa hana hiari. Mahakama ya Juu ya Uganda iliondoa lazima hiyo Januari 2009. Kenya ilisitasita, Mahakama ya Rufani ikaamua hivyo mwaka 2010 na kugeuka mwaka 2013, hata Mahakama ya Juu ilipokata shauri Desemba 2017. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo karibu tisa, basi, ukingo alikouawa mtu uliweza kuamua kama jaji atasikiliza udhuru wa muuaji kabla ya kutaja adhabu.

Nashukuru kwamba sheria yenyewe imeanza kukumbuka kilichosahauliwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 126, inawaagiza majaji waamuru fidia ya kutosha kwa waliodhulumiwa na wasaidie suluhu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kuamua mashauri. Na sheria za utumishi wa jamii, ya Kenya mwaka 1998 na ya Uganda mwaka 2000, zimempa hakimu njia isiyo gereza kwa makosa madogo. Maneno hayo yamekwisha kuandikwa, na hayahitaji bunge jipya. Nawaomba mahakimu wa Tororo na wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, kila wanapomaliza kuandika adhabu ya mkosaji, wasifunge jalada kabla hawajaandika pia haki ya aliyekosewa.