Kilio na Shtaka

Sheria ya Meza Kumi na Mbili, iliyoandikwa Roma katika miaka ya 451 na 450 kabla ya Kristo, iliwakataza wanawake wasiparure mashavu yao mazikoni, wala wasifanye jambo liitwalo lessus. Katazo la kwanza laeleweka. La pili liliwashinda Warumi wenyewe. Cicero, msemaji na mwanasheria aliyezaliwa mwaka 106 na kuuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, aeleza katika kitabu chake juu ya sheria kwamba wafasiri wa kale hawakujua kwa hakika maana ya neno hilo. Wawili kati yao walidhani ni aina ya vazi la msiba. Wa tatu, Lucius Aelius, alisema ni yowe la majonzi, maana neno lenyewe lasikika hivyo. Cicero aliikubali rai ya huyu wa tatu, akatoa na sababu yake: Solon wa Athens alikuwa amekwisha kulikataza jambo lile lile.

Yafaa msomaji atue kidogo hapa. Meza zile zilikaririwa na watoto wa Roma, na Cicero asema kwamba yeye pia alizijifunza kwa moyo utotoni. Basi katazo lilidumu vinywani mwa watu hali neno lililokatazwa lilikuwa limekufa. Wataalamu walipotaka kulifufua hawakuwa na kamusi, walilisikiliza tu. Ni maneno machache ya lugha yoyote yanayoweza kufasiriwa kwa njia hiyo, na mengi ya hayo machache ni maneno ya maumivu.

Lakini kwa nini serikali ijishughulishe na sauti ya mwanamke anayelia? Solon, aliyekuwa mtawala wa Athens mwaka 594 kabla ya Kristo, aliondoa desturi ya kujikwaruza, na nyimbo za msiba zilizotungwa tayari, na kumlilia mtu mwingine katika maziko yasiyo yake. Husemwa kwamba sheria za namna hii zilikusudiwa kupunguza gharama na fujo. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Margaret Alexiou, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya maombolezo ya Wayunani, ameonyesha uhusiano wa makatazo hayo na nguvu za koo, urithi na kisasi. Mwombolezaji hakutoa machozi tu. Aliweza kumtaja marehemu, akamtaja aliyemwua, akawauliza ndugu zake watakaa hivyo mpaka lini. Katika Arabuni ya kabla ya Uislamu, mshairi al-Khansa aliwalilia ndugu zake wawili, Muawiya na Sakhr, na katika kuwalilia aliwachochea watu wa kabila lake walipe kisasi. Kilio cha namna hii ni mashtaka yasiyopitia kwa hakimu. Mji unaotaka mashtaka yote yaletwe mbele ya hakimu hauna budi kukiogopa.

Mfano ulio wazi kabisa watoka Ireland. Katika lugha ya nchi hiyo kuomboleza huitwa caoineadh, na Waingereza wakalichukua neno hilo wakaliandika keen. Wanawake wenye ustadi huo waliitwa nyumba kwa nyumba, nao walitunga papo hapo juu ya maiti. Mabaraza ya maaskofu ya karne ya 17 yaliwalaumu mara kwa mara, wala hawakukoma. Mwaka 1773 Art Ó Laoghaire, aliyepata kuwa ofisa katika jeshi la Austria, alipigwa risasi akafa katika wilaya ya Cork. Yasimuliwa kwamba ugomvi ulihusu farasi wake, kwa kuwa sheria za wakati ule zilimpa Mprotestanti haki ya kumnunua farasi wa Mkatoliki kwa paundi 5, awe na thamani iwayo yote. Aliyehesabiwa kuwa na damu yake mikononi alikuwa Abraham Morris, naye alikuwa hakimu. Morris alishtakiwa Cork mwaka ule ule, akaachiliwa. Mjane, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, ndiye anayenasibishwa na ombolezo lililohifadhiwa midomoni mwa watu kwa miaka mingi kabla ya kuandikwa, na ndani ya ombolezo hilo Morris hutajwa kwa jina na kulaaniwa. Hukumu ya mahakama husomwa na wachunguzi wachache. Ombolezo lingali linajulikana na Waireland wengi. Mwanamke aliyenyimwa haki mahali pa sheria aliitafuta mahali pa kilio, wala hakulazimika kubadili lugha yake, kwa sababu kazi hizo mbili zilikuwa karibu toka zamani.

Ukaribu huo umeandikwa katika lugha nyingi za Ulaya. Kilatini kilikuwa na plangere, kupiga, hasa kupiga kifua kwa huzuni. Kutokana nalo, kwa njia ya Kifaransa, Kiingereza kimepata complain, kulalamika, na plaintiff, mdai wa mahakamani. Mfaransa mwenye plainte aweza kuwa anagumia kitandani, au amekwenda kituo cha polisi. Wajerumani wameliweka jambo hili wazi kupita wote: Klage ni kilio, na Klage ni kesi. Wana methali isemayo kwamba pasipo Kläger hapana hakimu, na Kläger huyo, kwa asili ya neno, ni mtu anayelia. Kitabu cha Biblia ambacho Kiswahili hukiita Maombolezo, wao hukiita Klagelieder, nyimbo za Klage. Tofauti hii si ndogo. Omboleza laelekea kuwa na ukoo mmoja na omba. Hivyo Mswahili asikiapo jina la kitabu husikia mtu anayesihi, na Mjerumani husikia mtu mwenye madai.

Je, Kiswahili hakina neno la namna hiyo? Kinalo, ila limeingia likiwa nusu. Shtaki latokana na Kiarabu ishtaka, na katika Kiarabu mgonjwa hulitumia neno hilo kwa kichwa chake kama mdai alitumiavyo kwa jirani yake. Kiswahili kililichukua upande wa baraza, kikauacha upande wa kitanda. Hakuna mtu wa pwani anayekishtaki kichwa. Upande wa kitanda ulikuwa na mwenyewe tayari. Ugua, katika matumizi ya zamani, ni kutoa sauti ya maumivu na pia kuwa mgonjwa, kana kwamba maradhi yamepewa jina kwa mlio wake.

Lia nalo ni neno pana. Ngoma hulia, kengele hulia, ndege hulia, na mtoto hulia. Ni rahisi kuliweka herufi hiyo ya l pamoja na ululare ya Kilatini na walwala ya Kiarabu, na kusema kwamba yote ni mwigo wa ulimi. Afadhali kujihadhari. Wakikuyu husema rĩra na Wanyarwanda husema kurira, kwa r, na shina ni lile lile la Kibantu. Wala mwendo haukuwa mmoja kila mahali, kutoka sauti kwenda lalamiko. Neno moan la Kiingereza lilikuwa na maana ya lalamiko kwanza. Maana ya mguno wa chini ilikuja baadaye, katika karne ya 17.

Kuna pia malalamiko yasiyofika popote. Nung'unika, murmurare ya Kilatini na gongyzein ya Kiyunani hutamkwa kama mdomo uliozibwa, na huo ndio utendaji wake: mnung'unikaji hamtaji mtu, wala mahakama haina daftari la mnung'unikiwa. Lalamika limepata bahati nyingine. Katika mahakama za Tanzania lina mlalamikaji, na katika mahakama za Kenya lina mlalamishi. Mwaka 1966 Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ili raia aweze kueleza ubaya aliotendewa na mtumishi wa serikali. Haikuwa mahakama, na taarifa zake zilipelekwa kwa Rais. Mwaka 2001 mahali pake palichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Katika karatasi za vyombo hivi neno ni lalamiko. Magazeti, yanapoandika habari ya ardhi iliyochukuliwa au ya mishahara iliyocheleweshwa, huandika kilio cha wananchi.