Soda Ndungu: Kutoka Sherehe Hadi Kila Siku

Ndungu ipo wilayani Same, kwenye tambarare chini ya milima ya Upare Kusini, kando ya barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na Maore kwenda Kihurio na Mkomazi. Kabla ya soda, watu wa huko walikunywa maji ya mito na mifereji iteremkayo milimani, uji, maziwa, na dengelua, pombe ya miwa iliyokuwa na nafasi yake katika mahari, matambiko na vikao vya wazee. Chai ya sukari ilienea wakati wa ukoloni. Kampuni ya TPC ilianza mwaka 1930 kusini mwa Moshi, na sukari ya mashamba yake ya miwa ikazoeleka madukani.

Coca-Cola ilibuniwa Atlanta, Marekani, mwaka 1886, na Pepsi ikafuata katika miaka ya 1890. Soda za namna hiyo ziliingia Tanganyika siku za ukoloni, na baadaye kiwanda cha Bonite cha Moshi kikawa chanzo kikubwa cha soda mkoani Kilimanjaro.

Upare Kusini, dini iliipa soda heshima ya pekee. Wamisionari wa Kiadventista (Wasabato) kutoka Ujerumani walianza kazi huko mwaka 1903, na Wasabato wakawa wengi. Tambarare nayo ina Waislamu wengi. Dini zote mbili zinakataza pombe. Hivyo harusini kreti za soda zilishika nafasi ya mitungi ya dengelua, na mgeni aliyefunguliwa soda alijua kwamba amekirimiwa.

Chupa ya kioo ilisaidia kuweka kiasi. Ilikuwa mali ya kiwanda: mnywaji aliinywea papo hapo dukani na kuirudisha kwenye kreti, na aliyetaka kuondoka nayo alileta chupa tupu au aliacha pesa ya dhamana. Katika dhiki ya uchumi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 soda yenyewe iliadimika. Mtoto aliweza kuisubiri mpaka Idi au Krismasi.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulijengwa, kwa msaada wa Japani, mradi wa umwagiliaji wa Ndungu wenye hekta zipatazo 680 za mpunga zinazopata maji ya mto Yongoma. Fedha ya mavuno ikaongeza biashara. Kisha chupa ya plastiki ikaondoa sharti la kurudisha chupa, viwanda vya nchini vikaleta soda za bei nafuu, na soda ikawa ya kubebwa: shambani, kwenye bodaboda, hata kwenye begi la shule.

Hapo ndipo madhara yalipozidi. Soda nyingi zenye sukari huwa na gramu kama 10 kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi hubeba takriban gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru, ikiwemo ya kuongezwa, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni hizo hizo gramu 50. Chupa moja inamaliza fungu la siku nzima kabla ya chai na maandazi. Sukari ya kinywaji haishibishi kama ya chakula, hivyo mara nyingi mnywaji hapunguzi chakula. Ikizoeleka, huongeza uzito, mafuta kwenye ini na hatari ya kisukari cha aina ya pili. Asidi ya soda hulainisha ngao ya meno, na bakteria wanaokula sukari hutoboa meno hayo, hasa ya watoto.

Soda ya harusini haikuleta madhara makubwa kwa sababu ilikuja mara chache. Familia za Ndungu hazina haja ya kuifukuza kwenye sherehe. Zirudishe tu desturi ile ya kiasi. Kiu ya kila siku ikatwe kwa maji safi na salama, na anayetaka ladha atie kikombeni tangawizi ya Mamba Miamba, inayolimwa milimani juu yao, bila kuizidishia sukari.