Njiwa Watano wa Clacton

Mwishoni mwa Septemba 2014, kwenye ukuta mmoja karibu na ufukwe wa Clacton-on-Sea, mashariki mwa Uingereza, ilitokea picha ya njiwa watano wa kijivu wakiwa na mabango. Bango moja liliwaambia wahamiaji kwamba hawakaribishwi. Jingine lilisema rudi Afrika. La tatu, ambalo kwangu ndilo lenye utamu wote, lilikataza kugusa minyoo yao. Pembeni alikuwapo mbayuwayu mmoja wa kijani, mdogo, katulia zake.

Ilikuwa kazi ya Banksy, yule mchoraji aliyeanzia kuta za Bristol, anayejulikana duniani kote isipokuwa jina na sura. Na wakati hakuuchagua kwa bahati. Tarehe 9 Oktoba mji ule ulikuwa na uchaguzi mdogo, baada ya mbunge wake, Douglas Carswell, kuhama Conservative kwenda UKIP, chama kilichokuwa kikipanda chati kwa hoja ya wahamiaji na ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Carswell alishinda, akawa mbunge wa kwanza wa UKIP kuchaguliwa.

Lakini njiwa hawakufika siku ya kura. Mtu alilalamika kwa halmashauri kwamba ukutani kuna maneno ya kibaguzi, wafanyakazi wakatumwa, wakafuta. Ilipobainika mchoraji ni nani, halmashauri ikasema ingefurahi kupata kazi nyingine ya Banksy, ila iwe ya kufaa. Ya kufaa! Nacheka kila nikiikumbuka.

Sisi wapenzi wa vitabu tunalijua kosa hili. Ni lile la kumtwisha mwandishi maneno ya mhusika wake. Maneno yalisomwa, aliyeyashika bango hakutazamwa. Njiwa wale ndio waliokuwa wakichekwa, na minyoo ndiyo iliyowaumbua, maana ugomvi wote mkubwa wa nani ni mwenyeji ukishushwa kwenye minyoo unabaki mwepesi sana. Halafu kuna huyo mbayuwayu. Mbayuwayu wa Ulaya huanguliwa huko huko Ulaya. Afrika anakuja kukimbia baridi tu. Hapa Afrika Mashariki ukoo wake tunauona kuanzia Oktoba, wamejipanga kwenye nyaya za umeme, na Machi wanaanza kuondoka. Kwa hiyo ndege anayeambiwa arudi kwao, kwao ni pale pale.

Hata hivyo sitaki kumfanya mlalamikaji mjinga. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu mweusi anayepita ufukweni asubuhi, mwezi wa kampeni, akakutana na maneno "rudi Afrika" ukutani, bila saini, bila wa kumuuliza. Dhihaka inahitaji msomaji ajue nani anasema na anamsema nani. Kanga nayo husema bila saini, lakini angalau mvaaji unamwona, na jirani anayesemwa huwa anajijua. Ukuta hauna mvaaji. Hapo ndipo kutojulikana kunakomlinda Banksy dhidi ya polisi kunapoigharimu picha yake yenyewe.

Na inagharimu zaidi ya hapo. Mei 2012, wiki chache kabla ya sherehe za Malkia Elizabeth kutimiza miaka 60 kwenye kiti, alichora Wood Green, kaskazini mwa London, mtoto wa kiume amepiga magoti kwenye cherehani, anashona vibendera vya Uingereza. Ilikuwa ubavuni mwa duka la bidhaa za bei chee, kwa hiyo mpita njia hakuhitaji mkalimani. Februari 2013 kipande kile cha ukuta kilikatwa na kuondolewa, kikaibukia kwenye mnada wa Miami. Wakazi walipiga kelele, kikaondolewa mnadani, lakini Juni kiliuzwa London kwa zaidi ya pauni 750,000. Mwaka 2018 mchoraji Ron English alikinunua Marekani kwa dola 730,000, akatangaza kwamba atakipaka chokaa kupinga biashara ya picha za mitaani. Yaani mtoto anayeshona kwa ujira wa kitoto kageuzwa bidhaa mara mbili, na aliyemchora hakuwa na la kusema kwenye mauzo hayo.

Mwaka 2020 ofisi ya Umoja wa Ulaya inayosimamia hakimiliki za kibiashara ilimfutia alama iliyotokana na ile picha yake ya kijana anayerusha shada la maua. Sababu mojawapo iliyotajwa: asiyejulikana ni nani hawezi kuthibitisha kuwa kazi ni yake.

Septemba 2025 alichora kwenye ukuta wa Royal Courts of Justice, London: jaji mwenye wigi na joho akimpiga mwandamanaji kwa nyundo, bango la mwandamanaji limetapakaa damu. (Majaji wa Uingereza hawatumii nyundo hata siku moja, lakini dunia nzima imewaona kwenye filamu wakiigonga.) Siku chache kabla, mamia ya watu walikuwa wamekamatwa jijini humo kwa kuandamana kupinga marufuku ya kikundi cha Palestine Action. Safari hii kila mtu alijua ni ya nani, maana mwenyewe aliiweka mtandaoni. Iliwekewa kizuizi ikafichwa, walinzi wakasimama, kisha ikasuguliwa, kwa hoja kwamba jengo ni la kihistoria na lazima libaki lilivyo. Rangi ilitoka. Ukutani kikabaki kivuli cheusi, na mkono wa jaji ulioinuliwa ulikuwa bado unaonekana.