Namba ya Toleo: Chicago, 1982

Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 1982, msichana wa miaka 12 aliyekuwa na mafua alimeza dawa ya maumivu nyumbani kwao Elk Grove Village, nje kidogo ya Chicago, akafa. Siku hiyohiyo, katika kitongoji cha jirani cha Arlington Heights, kijana wa miaka 27 alianguka ghafla, naye akafa. Mdogo wake na mke wa huyo mdogo walirudi kutoka hospitali vichwa vikiwauma, wakameza dawa iliyokuwemo nyumbani mwa marehemu. Nao hawakupona.

Muuguzi wa afya ya jamii, Helen Jensen, alifika nyumbani hapo akaikuta chupa ya dawa hiyo, Tylenol, pamoja na risiti yake: ilinunuliwa siku ileile. Alihesabu vidonge, akakuta sita havipo. Watu watatu, vidonge sita. Alisema waziwazi kwamba tatizo limo ndani ya chupa, lakini mwanzoni hakusikilizwa.

Usiku ule chupa za familia zote mbili zilikuwa mikononi mwa ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Kaunti ya Cook. Daktari Edmund Donoghue alimwagiza mpelelezi, kwa simu, azinuse. Zilitoa harufu ya lozi chungu, na harufu hiyo ni ya sianidi. Jambo la pili lilikuwa limechapwa kwenye chupa zenyewe: zote mbili zilikuwa na namba moja ya toleo, MC2880.

Kiwanda cha dawa huchanganya unga kwa wingi, huujaza kwenye vidonge vya kapsuli, na kila chupa iliyotokana na mchanganyiko ule hupewa namba moja. Kwa hiyo namba hiyo haiitambulishi chupa. Inautambulisha ukoo wake. Iko hata kwenye boksi la paracetamol, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Tylenol, katika duka lolote la dawa mtaani kwako, karibu na tarehe ya kuisha muda.

Namba kufanana kulielekeza kidole kiwandani. Kampuni ya Johnson & Johnson iliyokuwa ikitengeneza Tylenol ikaanza kuliita toleo hilo lirudi. Kisha ikapatikana chupa nyingine yenye sumu, na namba yake ilikuwa ya toleo jingine, lililotoka kiwanda kingine. MC2880 ilitoka Pennsylvania. Hili la pili lilitoka Texas, mbali kabisa. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa kisa kizima. Viwanda viwili vilivyo mbali namna hiyo, na dawa yao iliyosambazwa majimbo mengi, lakini waliokufa, watu saba, wote ni wa Chicago na viunga vyake. Sumu haikutiwa kule dawa ilikotengenezwa. Kuna mtu aliyezichukua chupa madukani, akafungua vidonge, ambavyo enzi zile viliachana nusu kwa nusu bila shida, akatia sianidi, kisha akazirudisha kwenye rafu.

Kwa hiyo namba ya toleo iliwasafisha mafundi wa viwandani, na hilo si jambo dogo. Lakini haikuweza kusema chupa fulani ilikaa duka gani, wala ilipita mikono ya nani. Kwa kuwa chupa mbaya hazikuweza kutengwa na nzuri, zikarudishwa zote. Mapema Oktoba kampuni iliita chupa zipatazo milioni 31 kutoka nchi nzima, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100.

Mwezi uliofuata Tylenol ilirudi sokoni ikiwa na vizuizi vitatu: boksi lililogundishwa, utepe wa plastiki shingoni mwa chupa, na karatasi iliyoziba mdomo wake. Mnunuzi akaweza kuona mwenyewe kama mtu ametangulia kufungua.

Kufuatilia safari ya chupa mojamoja kulingoja miaka mingi zaidi. Mwaka 2013 Marekani ilipitisha sheria iliyotaka kila pakiti ya dawa za kuandikiwa na daktari iwe na namba yake peke yake, ili muuzaji wa jumla akirudishiwa mzigo athibitishe namba hizo kabla ya kuuza tena. Namba ya toleo haikufutwa. Msimbo mmoja hubeba aina ya dawa, namba ya pakiti, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kwa sababu mchanganyiko ukiharibika kiwandani, bado ni lazima ukoo wote urudi. Tylenol, inayouzwa bila cheti cha daktari, haimo katika sheria hiyo.