Turbo Haifi Yenyewe, Inauliwa

Wasee, wacha niseme wazi: turbo nyingi zinazotupwa kwa gereji zetu za Migori na Homa Bay hazikufa kwa uzee. Ziliuliwa. Na muuaji anajulikana miaka mingi sana.

Turbo si kitu ya juzi. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka wa 1905. Wazo lake lilikuwa rahisi: moshi unaotoka kwa injini bado una nguvu, so uzungushe gurudumu, na hilo gurudumu lisukume hewa zaidi ndani ya injini. Ilichukua kama miaka 20 hadi ikafanya kazi vizuri kwa meli. 1962, Oldsmobile na Chevrolet wakaiweka kwa gari za watu wa kawaida Marekani. Hapa Kenya, Björn Waldegård alishinda Safari Rally ya 1984 na Toyota Celica ya turbo. Celica hiyo ikarudia 1985 na 1986, kwa vumbi yetu na matope yetu. Kwa hivyo usiniambie turbo haiwezi barabara za Afrika.

Shida ni oili. Shafti ya turbo ya gari ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nyingi hazina gololi ndani ya beringi; shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa, ikiwa chafu ama ikipungua, chuma inagusa chuma. Beringi ikilegea, shafti inacheza, na sili inaenda nayo.

Sasa hiyo sili. Wengi wanadhani ni mpira. Mara nyingi ni pete nyembamba ya chuma, na inategemea oili iteremke haraka kurudi kwa injini. Bomba la kurudisha likiziba, ama pistoni zikichoka na kujaza injini presha, oili inakosa njia na inatokea kwa sili. Filta ya hewa ikijaa vumbi, turbo inavuta kwa nguvu na kunyonya oili. Hapo sili ni mzima kabisa, lakini unaona moshi wa bluu na unaambiwa "nunua turbo."

Ankol yangu ana lori ya kubeba miwa huko Awendo. Alinunua turbo mbili ndani ya mwaka mmoja. Hakuna mtu alikuwa ameangalia bomba la kurudisha oili. Fundi wa tatu akalifungua: lilikuwa limejaa masizi magumu kama makaa. Hiyo pesa ya turbo ya pili ilikuwa ya karo.

Hayo masizi yanatoka wapi? Dereva anapanda mlima na mzigo, anafika stage, anazima injini papo hapo. Oili inasimama ndani ya chuma moto na kuungua. Ndiyo maana miaka ya 1980 watengenezaji walianza kupitisha maji karibu na beringi.

Msimamo wangu: fundi akitaka kukuuzia turbo kabla ya kuangalia oili, filta na mabomba, toa gari yako hapo. Na wewe dereva, acha injini ingurume dakika moja ama mbili kabla uzime. Ni bure.

Yako ilikufa aje? Niambie hapo chini.